Darasa la Kiingereza la jioni karibu na Mwembe Tayari: insha zasahihishwa vyema, mazungumzo bado

Malalamiko kwamba Kiingereza cha vijana wetu kimeshuka yamezidi hapa Mombasa, hasa kwa wanaoajiri bandarini na hotelini, nami nayaafiki. Kijana aliyemaliza kidato cha nne kwa alama nzuri huleta barua ya kuomba kazi inayoanza na "Am writing", kiwakilishi cha nafsi kimedondoka, na aya nzima haina nukta. Akihojiwa hujibu kwa maneno mawili, kisha hukimbilia Sheng. Ndiyo maana nilimwandikisha mpwa wangu, anayetafuta kazi ya meli, katika kituo kimoja cha masomo ya jioni karibu na Mwembe Tayari.

Kilichonifurahisha zaidi ni usahihishaji. Kila wiki mwanafunzi huandika insha au barua kwa mkono, naye mwalimu huisoma mstari kwa mstari. Hamwandikii jibu, bali hupiga mstari chini ya kosa na kutaja pembeni ni kosa la aina gani, liwe la wakati, la tahajia au la alama za uakifishaji, kisha mwanafunzi hurudi kuiandika kazi yote upya. Barua ya kwanza ya mpwa wangu ilirudishwa hadi ikasomeka bila kukwama, na sasa hukagua sentensi zake mwenyewe kabla ya kunionyesha. Shuleni, mwalimu mwenye darasa lililofurika hapati nafasi ya kusahihisha namna hii, na kwa maoni yangu hilo limewadhuru vijana kuliko simu tunazozilaumu kila siku.

Katika mazungumzo, kituo hiki hakijafika. Nilitarajia kizibe pengo linaloachwa na mtihani wa KCSE, ambao karatasi yake ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kuzungumza, lakini zote hujibiwa kwa maandishi. Mtahiniwa aweza kufaulu vizuri pasi na kufungua kinywa mbele ya mtu yeyote. Cha kusikitisha ni kwamba kipindi cha mazungumzo hapa kina watu wengi mno, wachangamfu wachache ndio wanaosema, na muda mwingi hupotea katika kuiga lafudhi ya Marekani. Kijana wa Kisauni mwenye lafudhi ya Pwani anaeleweka vizuri kabisa akijua kuipanga sentensi yake. Tunawakosea vijana tunapowafanya waionee haya sauti waliyozaliwa nayo.

Darasa dogo la wanaotaka ubaharia ni jambo tofauti, nalo nalisifu bila kusita. Linafuata misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini iliyopitishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, mwaka 2001, ambayo ni ya Kiingereza. Mwalimu, ambaye husema aliwahi kufanya kazi melini, hutoa amri ya usukani, na mwanafunzi sharti airudie yote kwa sauti kabla ya kuitekeleza, kama inavyotakiwa melini. Anayemeza maneno huanza tena. Hapo nimewaona vijana wanyamavu wakisema Kiingereza kwa uthabiti, kwa kuwa wanajua kila neno lina kazi yake na kuna mtu anayewasikiliza mmoja mmoja.

Chumba ni safi na feni zinafanya kazi, jambo lisilo dogo mwezi wa Februari. Risiti hutolewa papo hapo. Karo ya uandishi na ile ya ubaharia naziona ni za haki. Kipindi cha mazungumzo hulipiwa peke yake, na msimamizi ameahidi kukigawa katika makundi madogo muhula ujao. Mpaka atakapofanya hivyo, sitakilipia, na mzazi anayeniuliza namshauri amwandikishe mwanawe katika uandishi kwanza.