Uzoefu wangu: Kumsikiliza Mitsuko Uchida na okestra ya Berlin nikiwa Moshi

Nimepiga kinanda katika kwaya ya usharika wetu hapa Moshi kwa miaka kumi na miwili, lakini sikuwahi kuona kwa karibu mikono ya mpiga piano mashuhuri akiwa mbele ya okestra kamili. Kwa sababu hiyo, mwezi uliopita nililipia tiketi ya siku saba ya Digital Concert Hall, huduma ambayo Berliner Philharmoniker, yaani okestra hiyo ya Berlin, waliianzisha mwaka 2008 ili kurusha maonyesho yao kwa njia ya intaneti na kuyahifadhi kwa watakaotaka kuyatazama baadaye. Nililipa kwa kadi ya benki na kuanza kutazama jioni ileile.

Nilichokitafuta kwanza ni Koncheto ya Nne ya Beethoven (koncheto ni utunzi wa mpiga ala mmoja akiwa na okestra), iliyorekodiwa Februari 2010, Mitsuko Uchida akipiga piano na Simon Rattle akiongoza okestra. Utunzi huu, ambao Beethoven mwenyewe aliupiga mbele ya watu wa Vienna tarehe 22 Desemba 1808, hauanzi kama wengi walivyozoea enzi zile, okestra itangulie na mpiga piano angoje zamu yake. Piano ndiyo inayofungua, peke yake, kwa sauti ya chini, katika ufunguo (noti ya msingi ya wimbo) wa G. Kisha fidla na wenzake wanaipokea katika ufunguo wa B, kwa upole zaidi, kana kwamba wametokea chumba cha pili. Mimi niliyezoea kuanza wimbo kwa nguvu ili kwaya isipotee, nilisimamisha video na kurudi mwanzo kabla hata haijafika mbali.

Hata hivyo, sehemu ya pili ndiyo iliyonishika. Tarumbeta, filimbi na ngoma zote zimenyamaza, zimebaki ala za nyuzi na piano tu. Nyuzi zinasema kwa ukali, zote kwa wimbo mmoja, mfano wa wazee wanaomkaripia kijana barazani. Piano inajibu taratibu, bila kupandisha sauti, na kila inapojibu ukali ule unapungua, mpaka nyuzi zenyewe zinashuka na kunong'ona. Binti yangu wa miaka tisa, aliyekuwa ameketi kando yangu akivuta pumzi polepole, aliuliza, “Baba, mbona wao ni wengi na hawamshindi?”

Kero niliyoipata ilitokana na intaneti yetu ya nyumbani, ambayo saa mbili usiku huelemewa. Picha iliganda mara tatu katikati ya sehemu hiyohiyo, jambo lililoniuma kweli. Nilipunguza ubora wa picha, na siku iliyofuata nikaamka saa kumi na moja alfajiri, ikapita bila kukwama hata mara moja. Anayetaka kujaribu asitumie spika ya simu, kwa maana besi hazisikiki kabisa na piano inabaki nyembamba. Spika za kawaida za mezani, au za masikioni zilizo nzuri, zinatosha.

Tiketi ilipokwisha nilikuwa nimeitazama sehemu ile ya pili mara sita. Uchida na Rattle walipiga koncheto zote tano za Beethoven mwezi ule, nami nitalipia tena mwisho wa mwezi ili nizisikilize nne zilizobaki, nikianza na ya Tatu.