Mawimbi ya analogi kwenye chaneli nyingi: kifaa gani ununue

Unataka kuendesha mota ya fezi tatu kwa majaribio, au kulisha kihisi kinachohitaji mawimbi mawili yaliyopishana nyuzi 90, au kuchezesha vitoa sauti kadhaa kwa mpangilio. Matangazo ya vifaa yatakueleza kwanza idadi ya chaneli. Anza kwingine: uliza kama chaneli hizo (njia za kutolea mawimbi) zinafuata saa moja au kila moja ina yake. Saa hapa ni mpigo wa umeme unaopanga kasi ya mawimbi, nao hutoka kwenye kristali iliyo ndani ya kifaa.

Chukua jenereta mbili za mawimbi, kila moja na kristali yake, uziweke zote 1 kHz. Kristali hizo zikitofautiana kwa sehemu 10 tu katika milioni, jambo la kawaida, masafa yatapishana kwa 0.01 Hz. Baada ya sekunde 50 mawimbi yako yamepishana nyuzi 180: moja likipanda, lingine linashuka. Triga ya pamoja, yaani ishara ya kuanzia, haitibu tatizo hilo, maana kazi yake ni kuyaanzisha pamoja, si kuyazuia yasiachane njiani. Unahitaji saa moja na mwanzo mmoja. Kipimo hicho ndicho nilichotumia kupanga orodha hii.

1. Kadi ya kutoa analogi inayoongozwa na saa yake

Kwa anayehitaji chaneli tatu au zaidi, na masafa yasiyozidi kilohezi chache, hapa ndipo pa kuweka pesa. NI 9263, ya kampuni ya National Instruments, ina chaneli nne za biti 16, kutoka volti -10 hadi +10, na kila chaneli hutoa sampuli 100,000 kwa sekunde, zote zikibadilika kwa pamoja. Kwa wimbi la 1 kHz unapata nukta 100 kwa kila mzunguko, wimbi safi kabisa. Ukilipandisha hadi 10 kHz zinabaki nukta 10, na ngazi zake utaziona kwenye osiloskopu, kifaa cha kuonyesha umbo la wimbi. Mwenye mahitaji makubwa ataangalia PCIe-6738 yenye chaneli 32, akikumbuka kwamba spidi ya kila chaneli hushuka zote zikitumika.

Kuna mtego katika kundi hili, na wengi hunasa. Si kila kadi yenye tundu la kutoa analogi inaweza kutoa wimbi. USB-6008, kwa mfano, ina chaneli mbili za kutoa, lakini hubadilisha volti mara 150 tu kwa sekunde, na kila badiliko husubiri amri ya programu kutoka kwenye kompyuta. Kwa kuweka volti itulie mahali inafaa sana. Kwa wimbi la 1 kHz haifai hata kidogo. Soma karatasi ya vipimo utafute kama utoaji unaongozwa na saa ya kadi yenyewe. Usipoiona habari hiyo, usinunue.

2. Jenereta ya mawimbi yenye chaneli mbili

Kama chaneli mbili zinakutosha, basi hii ndiyo namba moja yako. Siglent SDG2042X hufika 40 MHz kwa biti 16, na fezi kati ya chaneli, yaani nyuzi wanazopishana, unaiandika kwa namba tu. Angalia nyuma ya kifaa kama kuna tundu la 10 MHz la kuingiza na la kutoa, kwa sababu siku ukihitaji chaneli nne utaunganisha jenereta mbili zifuate saa moja. Ukibadilisha masafa ya chaneli moja, panga fezi upya kabla ya kupima. Baadhi ya jenereta hazifanyi hivyo zenyewe.

Kwenye masafa ya juu, kebo nazo huingia kwenye hesabu. Mita moja ya kebo ya kawaida ya koaksia huchelewesha ishara kwa takriban nanosekunde 5. Kwenye 10 MHz hizo ni nyuzi 18 nzima. Nunua kebo za urefu mmoja.

3. Chipu za DAC (za kugeuza namba kuwa volti) na mikrokontrola

Kwa mwenye mkono wa kuchomelea na subira ya kuandika programu, njia hii inalipa. Ila chagua chipu yenye pini ya LDAC, inayoamuru volti zote zibadilike pamoja, kama MCP4922 yenye chaneli mbili za biti 12. Sababu ni hii: data hupelekwa kwenye chipu kwa SPI, njia inayopitisha biti moja baada ya nyingine, hivyo huingia kwa zamu. Kwa saa ya 10 MHz, neno la biti 16 huchukua mikrosekunde 1.6, hivyo chaneli ya nne hubadilika mikrosekunde 4.8 baada ya ya kwanza. Kwenye 1 kHz hilo ni kosa la nyuzi 1.7, na kwenye 10 kHz ni nyuzi 17. LDAC huzishikilia zote mpaka data iwe tayari, kisha huziachilia kwa mpigo mmoja. Anayetaka sine za masafa ya juu atafute AD9959: chaneli nne ndani ya chipu moja, zikifuata saa moja hadi 500 MHz.

4. Kadi ya sauti ya chaneli nane

Saa ni moja, biti ni 24, na mawimbi yanaandaliwa kwa programu yoyote ya sauti. Kwa sine zilizo ndani ya masafa ya sauti, inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kasoro yake ni kapasita zilizopo kwenye matokeo ya kadi nyingi: huzuia volti tulivu, na wimbi la mraba la masafa ya chini hutoka limeinama. Baadhi ya kadi hazina kapasita hizo. Hakikisha kabla ya kulipa.

5. Jenereta za pekee zisizo na tundu la saa

Usizinunue kwa kazi hii, hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kifaa kikifika, kijaribu kabla muda wa kukirudisha haujaisha. Weka chaneli mbili kwenye masafa sawa, zipishane nyuzi 90, na ukubwa wa volti uwe sawa, kisha weka osiloskopu kwenye hali ya XY, inayochora chaneli moja dhidi ya nyingine. Utaona duara. Liache nusu saa. Likianza kuminywa kuwa yai, kisha mstari, kisha yai tena, chaneli zako zina saa mbili, na kifaa kinastahili kurudi kwa muuzaji.