Fundi wa mtandao wa Makoroboi: nampa nyota nne

Huyu kijana nampendekeza kwa ofisi yoyote yenye mitandao miwili isiyoonana. Sisi tunasafirisha dagaa, tuko Kirumba, Mwanza. Ofisi ipo ghorofani, ghala lipo chini, na kila upande una rauta yake: anwani za kompyuta za juu zinaanza na 192.168.1, za chini 192.168.2. Mimi natumia Windows, bosi ana Mac, karani wa ghala ana kompyuta kuukuu yenye Ubuntu (mfumo mwingine badala ya Windows). Printa ya leza ni moja tu, iko juu. Ikawa kila hati ya mzigo karani anapanda ngazi na fleshi, huku dereva wa fuso anapiga honi.

Fundi wa kwanza (si huyu) alizima fayawoli zote (ulinzi unaozuia wageni wa mtandaoni wasiingie kwenye kompyuta), ikashindikana, akashauri tupige Windows upya. Tukamshukuru, akaenda zake.

Huyu wa Makoroboi alianza na rauta ya chini. Akaiondolea NAT (inayoficha kompyuta za chini nyuma ya anwani moja), akaiambia ya juu njia ya kufika ghalani. Kompyuta zikaanza kujibizana kwa ping (jaribio la kuona kama zinafikiana), lakini folda ya pamoja iliyo kwenye kompyuta yangu bado haifunguki. Hapo ndipo nilipomkubali. Alifungua fayawoli ya Windows, akanionyesha kwamba kanuni ya kushea faili na printa, ilivyokuja, inaruhusu mtandao wa karibu tu. Wa ghalani anahesabika mgeni. Akaongeza 192.168.2.0/24 (yaani anwani zote za ghalani) kwenye kanuni hiyo, fayawoli yenyewe akaiacha ikiwaka. Folda ikafunguka palepale.

Jina la kompyuta yangu bado halionekani kule chini kwenye orodha ya mtandao, na hakulihangaikia. Anasema kompyuta hutangaza majina kwa kuita, na mwito huo rauta haiuvushi. Alichofanya ni kuzipa kompyuta na printa anwani za kudumu, kisha akamwekea karani njia ya mkato inayokwenda moja kwa moja kwenye anwani. Nilimuuliza kuhusu SMB1, njia ya zamani ya Windows ya kushea faili, kwa sababu kuna jamaa aliniambia ukiiwasha kila kitu kinaonekana. Akakataa katakata: ndiyo iliyopitiwa na WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai pesa, mwaka 2017, na mwaka huohuo Microsoft waliacha kuiweka kwenye Windows 10 mpya. Sawa, nikanyamaza.

Printa haikumsumbua. Ubuntu anaituma kazi moja kwa moja kwenye anwani ya printa kupitia CUPS, programu yake ya kuchapisha. Mac ndiyo ilileta vituko: bosi akiwa juu printa ipo, akishuka ghalani inapotea, kwani AirPrint, njia ya Apple ya kuchapisha, nayo hutafuta ndani ya mtandao uleule. Akaiongeza kwa anwani, kwisha.

Nyota moja nimeikata kwa mambo mawili. Alitaka kuweka paswedi moja kwa wote, wakati folda ya mishahara imo humohumo! Ilibidi nimsimamie mpaka kila mtu akapata ya kwake. Halafu hakuacha maandishi yoyote. Anwani nimeziandika mwenyewe kwenye karatasi na kuibandika juu ya rauta. Umeme ukikatika na fundi hapatikani, karatasi hiyo ndiyo itakayotuokoa.

Alichukua laki moja na nusu, na simu anapokea hata jioni. Risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) hana, kwa hiyo wahasibu wenzangu mjipange.