Koleo na waya wa hereni kutoka Ngamiani

Wiki tatu sasa natumia seti niliyonunua kiduka cha shanga Ngamiani, hapa Tanga, kwa shilingi 15,000: waya wa shaba wa milimita 0.8, koleo na kikatio. Koleo ndilo lililoniteka. Ncha zake ni za mviringo, laini, hazina meno, hivyo haziparuzi waya. Unabana ncha ya waya, unazungusha kifundo cha mkono taratibu, kinatoka kijipete safi cha kuning'iniza shanga. Kulabu ya sikioni naipinda kwenye kalamu nene, ndipo zote mbili zinalingana. Jozi ya kwanza ilinila saa nzima; sasa dakika kumi.

Kikatio hakifai. Kimelegea, na kinaacha ncha kali iliyomkwaruza mdogo wangu sikio mpaka akalia. Roho iliniuma sana. Tangu hapo kila kulabu naisugua kwa tupa ya kucha, kisha naipitisha shavuni kuhakikisha haichomi.

Jingine, kwa jasho letu la pwani, shaba inaacha kijani kwenye ngozi, na muuzaji hakunieleza. Jizoezeni nayo, lakini kulabu za kuvaa tengenezeni kwa waya wa fedha halisi.