TAHADHARI kwa wanaofuata mzigo Guangzhou, China: noti ya yuan 100 inageuzwa bandia mbele ya macho yako

Wafanyabiashara wenzetu, someni hili kabla ya safari. Wizi huu hufanywa na baadhi ya madereva wa teksi, hasa usiku, na wabadilisha hela wa kando ya barabara maeneo ya Xiaobei na Sanyuanli, wanakofikia Waafrika wengi. Hakuna anayekuingiza mkono mfukoni. Hela unaitoa mwenyewe.

Kwenye teksi unampa dereva noti ya 100. Anaipapasa, anaishusha chini kama anayetafuta chenji, kisha anakurudishia noti huku akitikisa kichwa: mbovu, lete nyingine. Iliyorudi si yako. Ukitoa ya pili, nayo inageuzwa. Abiria anayewahi ndege anaweza kushuka na bandia tatu au nne kwa safari moja. Wala usitegemee benki ikufidie. Benki za China zikikuta noti bandia zinaitaifisha.

Kinga ya kwanza ni kulipa kwa Alipay au WeChat, programu za malipo za kwenye simu. Kadi za Visa na Mastercard za nje zinakubalika humo, ila iunganishe ukiwa bado nyumbani, kwa sababu benki yako inaweza kutuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya simu ya huku. Kama ni taslimu, tembea na noti za 10 na 20. Ukibaki na ya 100 tu, ipige picha mbele ya dereva kabla hujaitoa mkononi, na namba yake ionekane: herufi na tarakimu, jumla 10, chini kushoto. Akikurudishia noti, linganisha namba hapohapo.

Kukagua noti ya toleo la 2015 ni rahisi. Iinamishe: ile 100 kubwa ya katikati hutoka rangi ya dhahabu kwenda kijani. Inua kwenye mwanga uone sura ya Mao kwenye weupe wa kushoto. Kisha pitisha ukucha kwenye kola ya koti lake katika ile picha kubwa iliyochapwa, halisi inakwaruza.

Wabadilisha hela wa mtaani ndio wanaoumiza zaidi. China haina noti kubwa kuliko 100, kwa hiyo dola 3,000 ni noti kama 200, na wingi huo ndio maficho yao. Anahesabu vizuri mbele yako, anakukabidhi, halafu anadai amekosea, analirudisha bunda mkononi mwake "aongeze moja". Hapo ndipo za katikati zinapochomolewa au kuchanganywa na bandia. Mara mwenzake anapiga kelele kwamba polisi wanakuja, kila mtu anatawanyika. Na kwa kuwa biashara hiyo ni kinyume cha sheria China, ukienda kulalamika unajishtaki na wewe. Tofauti ya kiwango cha kubadilisha haifikii hasara hiyo hata kidogo. Nenda benki na pasipoti, chukua risiti. Ukiingia na zaidi ya dola 5,000 taslimu, zitangaze forodhani.

Ikishatokea kwenye teksi, msigombane. Dai risiti inayochapwa na mita, kwani ndiyo itakayosaidia kulipata gari, kisha piga 110, namba ya polisi. Kama hujui Kichina, mpe simu mtu wa mapokezi hotelini awaeleze kwa niaba yako.