Tuisheni ya kemia Nyegezi, asidi dhaifu kwenye besi imeniingia

Nimesoma hapa wiki tatu, vipindi vya jioni, chumba kiko uchochoroni karibu na stendi ya Nyegezi, na kama upo Mwanza unasoma PCB (fizikia, kemia, biolojia) nenda tu. Kilichonipeleka ni swali moja la testi, andika ekwesheni ya asidi ya siki ndani ya besi uibalansi. Nikaandika CH₃COOH ⇌ CH₃COO⁻ + H⁺, atomu zimetimia, chaji imetimia, nikala sifuri na aliyesahihisha hakusema kwa nini, iliniuma sana.

Ticha wa hapa hakuanza na ubao. Kamimina siki kwenye glasi tukanusa, halafu kavaa glavu akawa anatia sodiamu haidroksaidi kidogo kidogo, tukanusa tena, harufu imekata kabisa. Akauliza, haya, asidi imeenda wapi?

Ndo akaandika CH₃COOH + H₂O ⇌ CH₃COO⁻ + H₃O⁺, akasema humo kwenye besi OH⁻ imejaa tele, hiyo H₃O⁺ (ndo ile H⁺ yangu ikiwa imeshikwa na maji) itakaaje? Ongeza OH⁻ moja kila upande, kulia H₃O⁺ na OH⁻ zinakuwa maji mawili, futa maji moja huku na moja kule, inabaki CH₃COOH + OH⁻ ⇌ CH₃COO⁻ + H₂O, chaji hasi moja kushoto na hasi moja kulia. Halafu Ka ya siki, yaani namba ya kuonyesha asidi inaachia protoni (H⁺) kiasi gani kwenye maji, kwa nyuzi 25 ni 1.8 × 10⁻⁵, igawanye kwa Kw, namba kama hiyo ya maji yenyewe, 1.0 × 10⁻¹⁴ unapata 1.8 × 10⁹, namba kubwa hivyo maana yake karibu asidi yote imegeuka, ndo maana pua haikupata kitu. Mimi siku zote nilijua dhaifu ni dhaifu popote, kumbe ni dhaifu kwenye maji, ikikutana na OH⁻ inaachia protoni karibu zote!

Ubaya wake mabenchi hayatoshi, na wapiga debe wa stendi wanapiga kelele mpaka unapoteza alichosema ticha. Bafa nayo, myeyusho unaozuia pH isibadilike sana, kaipitisha haraka mno, hapo naomba arudie.

Bei ni elfu mbili kwa kipindi, kwangu inalipa. Juzi tumefanya NH₄⁺ (amonia iliyobeba protoni) na OH⁻, safari hii harufu ya amonia ndo ikaja badala ya kukata, na ekwesheni nimeiandika mwenyewe ubaoni kabla ticha hajafika kwenye meza yake. Ukienda wahi saa kumi na nusu ukae mbele.