Duka la pembejeo la Wete na dawa ya kutu ya mahindi: nyota 4

Jamani masika inakaribia, na kabla watu hawajaanza kukimbilia dawa nataka niwaambie habari ya hili duka dogo la pembejeo hapa Wete, lile la kona ukitoka sokoni.

Masika ya mwaka juzi kutu, ule ugonjwa wa majani ya mahindi, ilinimaliza. Mahindi yamesimama vizuri, yametoa mbelewele, mara naingia shambani natoka suruali imekuwa nyekundu kwa ule unga wa kwenye majani. Nikaenda duka jengine (sio hili), wakaniuzia dawa ya unga ya kupulizia, mankozebu, kilo nzima 18,000, hakuna alouliza mahindi yana umri gani wala majani yakoje. Nikapiga bomba mara tatu na mvua inaosha nyuma yangu. Majani yakakauka vile vile, na muhindi ukikosa majani wakati punje zinajaa ndo basi tena, unaumenya ncha tupu, punje zilizopo nyepesi. Pale nnapopata magunia 6 nikapata 3 na nusu. Iliniuma sana.

Mwaka jana nikaenda kwa hawa. Dada wa pale hakugusa hata rafu, akanambia kaniletee jani kwanza. Nikarudi shamba nikaleta. Akapitisha kidole, unga ukashika, akanionesha vipele vidogo vya rangi ya chungwa vimesongamana upande wa juu, chini havionekani sana, akasema hii kutu ya kusini, inapenda joto na unyevu kama wa kwetu Pemba, ile ya kawaida inataka baridi na vipele vyake vinatoka juu na chini ya jani. Baadae nikasoma kumbe imetoka Amerika, Afrika ilionekana mwanzo 1949 huko Sierra Leone. Inasafiri na upepo, haikai kwenye mbegu wala mabua makavu, inataka jani lililo hai. Na mie miaka yote nachoma mabua nikijua naiua, kumbe yale mahindi ya maotea, yaliyojiotea yenyewe nyuma ya banda, ndo yanayoiweka hai mpaka msimu mwengine!

Kuhusu dawa alinieleza vizuri: mankozebu ni kinga, inakaa juu ya jani tu, kwa hiyo unapiga mapema, ukiona vipele vya mwanzo au jirani keshapata, na mvua ikiosha unarudia. Ikishaenea unataka ile inayoingia ndani ya jani, kama azoksistrobini, na hiyo bei yake si mchezo. Mzee mmoja alikuwa nyuma yangu, mahindi yake punje zishakuwa ngumu, dada akamwambia baba weka pesa yako, dawa haitakusaidia sasa. Kakataa kumuuzia! Hapo ndo waliponipata mie.

Nilivuna magunia 5 na debe. Sisemi ni dawa peke yake maana nilipanda mapema pia na maotea niling'oa yote.

Nyota moja nimeibana kwa sababu glavu na barakoa hawana, na dawa ya chupa iliwaishia katikati ya mvua, wakatwambia tusubiri boti, na kutu haisubiri boti. Dada, mkiagiza mwezi wa 2 niwekeeni chupa mbili, nakuja kulipa kabla.